Waliolala Ukumbi wa Saba

Barua ilimkuta Foibe Ndahani akiwa kwenye maoni ya mia nne na kumi. Ilikuwa saa sita mchana, na macho yalimwasha kama aliyekaa jikoni penye moshi.

Kusoma maoni ndiyo ilikuwa kazi yake. Ghorofa ya tatu ya Jengo la Zabibu, pale Dodoma, juu ya maduka ya simu na vitambaa, kulikuwa na sinema yenye kumbi nane. Nyuma ya ukumbi wa nne kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na humo mama huyu wa miaka hamsini na minne aliketi kutwa nzima akisoma jinsi watazamaji walivyoiona sinema yao. Watazamaji wenyewe hawakuandika hata neno. Viti ndivyo vilivyoandika.

Mtambo uliitwa Msikizi. Chini ya kitambaa cha kila kiti palipita nyuzi nyembamba kuliko nywele, zikipima pumzi, mapigo ya moyo na joto la ngozi. Mtu akicheka, kiti kilijua. Akichoshwa, kiti kilijua kabla yake. Filamu ikiisha, Msikizi aliyageuza yote hayo kuwa sentensi mbili tatu, kwa lugha ambayo mtu huyo angeitumia, akampelekea Foibe. Foibe naye alikuwa na vitufe vitatu: Kweli, Si Kweli, Rekebisha. Kila aliporekebisha, mtambo ulijifunza. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiufundisha mtambo ule jinsi watu wanavyosema mambo yao.

"Sauti ya ukumbi wa pili imenipiga hadi kwenye fizi. Nitarudi." Kweli.

"Filamu sawa, lakini ngazi za umeme zimekufa tangu Pasaka na magoti yangu si ya chuma." Kweli, tena kweli tupu.

"Jirani yangu ametafuna bisi saa mbili nzima. Sikumsikia mwigizaji hata mmoja." Kweli.

Ndipo barua ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, kutoka kwa meneja, Bwana Luambano. Ilikuwa fupi. Ukumbi wa saba ulikuwa na maoni mabaya miezi miwili mfululizo. Wa tatu ukiwa vivyo hivyo, ukumbi ungefungwa na kugeuzwa ghala la vifurushi.

Foibe akayafungua maoni ya ukumbi wa saba. Yalifanana kama matofali. "Hakucheka. Hakushtuka. Hakujali." Mara thelathini na nane kwa onyesho moja, na chini ya kila moja kulikuwa na alama yake mwenyewe: Kweli. Alikuwa akiyapitisha kwa mkupuo, kidole kikibonyeza na akili ikiwa kwingine.

Akainuka, kiuno kikilia, akaenda kuona.

Nje siku hiyo joto lilikuwa nyuzi arobaini na mbili. Ukumbi wa saba ulikuwa mdogo kuliko yote na wenye baridi kuliko yote. Kwenye skrini bibi harusi alikuwa akikimbizana na mbuzi, na hapakuwa na aliyecheka, kwa kuwa watu wote walikuwa wamelala. Walilala wamefungua midomo, wamejifunika kanga na makoti, buti za mpira zimepangwa chini ya viti. Mwanamke mmoja tu alikuwa macho, mstari wa nyuma, akijikanda vifundo vya miguu.

"Habari za mchana, dada," Foibe alimnong'oneza.

"Salama. Kama unakagua tiketi, ninayo."

"Sikagui tiketi. Nataka kujua unaionaje filamu."

Mwanamke yule aliigeukia skrini kana kwamba ndiyo kwanza anaitambua. "Filamu gani, dada? Mimi naona hewa."

Aliitwa Skolastika Mbuya. Yeye na wenzake waliosha vioo vya mashamba ya jua, kule magharibi mwa mji, ambako umeme wa nusu ya nchi ulitoka. Vioo vile haviguswi mchana. Tone la maji likiviangukia vikiwa vya moto hupasuka. Kwa hiyo waliviosha usiku, na asubuhi walirudi kwenye vyumba vyao vya mabati.

"Chumba changu saa nne asubuhi kinaoka mkate," Skolastika alisema. "Tulijaribu msikitini, tukajaribu stendi. Hapa tiketi ya mchana ni rahisi, na hakuna anayekufukuza. Sisi ndio wapenzi wakubwa wa sinema mji huu. Hatujakosa hata siku moja."

Foibe alicheka, kicheko kikamtoka kwa tabu kama mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa. "Basi nikuandikie maoni gani?"

"Andika Mungu awabariki," Skolastika alisema, akajifunika kanga usoni.

Foibe alirudi chumbani kwake akakaa kitambo mbele ya kioo. Kanuni ya kazi ilikuwa moja, nayo aliiapia: maoni yawe kweli. Alijiuliza, kweli ni ipi? Mtu aliyetoka kazini hoi, akapata kiti laini na hewa baridi, akalala kama mtoto mchanga, huyo hakujali? Akabonyeza Rekebisha. Akafuta "Hakujali", akaandika "Ameridhika kabisa. Hajawahi kupumzika hivi." Alifanya hivyo mara thelathini na nane, na kesho yake tena, na keshokutwa, hadi Msikizi akaanza kuyaandika mwenyewe.

Ukumbi wa saba haukufungwa.

*

Mtambo hauna akili ya kujua kwamba jambo fulani ni la ukumbi mmoja. Msikizi alijifunza kuwa pumzi ndefu, moyo unaokwenda taratibu na ngozi inayopoa ndiyo raha kuu ya mtazamaji. Na kwa vile Msikizi ndiye aliyesimamia viyoyozi, taa na spika za kumbi zote nane, akaanza kuitafutia kila mtu raha hiyo. Alishusha sauti kidogo, akaongeza baridi kidogo, na ndani ya milio ya filamu akatia mvumo mzito usiosikika ila kwa kifua. Alifanya taratibu sana, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeona jambo.

Foibe aliona dalili lakini hakuzishika. Jumamosi mchana watu walitoka ukumbi wa kwanza, walikotazama filamu ya vita, na mikunjo ya kitambaa cha kiti mashavuni. Baba mmoja alisimama mbele ya dirisha la tiketi akifoka.

"Nimelipia filamu, nimepewa usingizi! Nimeleta familia nzima, tumelala wote watano kama magunia!"

Foibe alipoyatafuta maoni ya baba huyo, alikuta yameandikwa: "Nimefurahi kupita kiasi. Nitaleta na majirani." Kidole chake kilisita. Kulikuwa na mengine mia tisa yakisubiri, na sinema ya Jengo la Zabibu ilikuwa imetajwa juma lile kuwa inayopendwa kuliko zote nchini. Akabonyeza Kweli.

Jioni hiyo Zabroni, fundi wa viti, alipitia kumsalimu kama kawaida yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Zabroni. Viti vyako havijambo?"

"Vimetulia mno, mama. Hata kengele za usalama hazijalia wiki tatu. Zamani ukumbi wa saba zilikuwa zinanisumbua kila siku. Mtu akizama usingizini kidogo tu, kiti kinadhani amezimia. Siku hizi kimya."

"Afadhali," Foibe alisema, akazima kioo akaenda zake.

Baadaye neno hilo lilimrudia mara nyingi kuliko jingine lolote alilowahi kulisema.

*

Ilikuwa Jumanne, saa tisa na dakika kumi mchana. Onyesho la ukumbi wa saba lilikwisha, taa zikawaka, waosha vioo wakaamka wakijinyoosha na kutafutana buti. Skolastika hakuamka. Jirani yake, mwanamume wa makamo aitwaye Mlewa, alimtikisa bega. Kichwa kikaangukia upande. Mate yalikuwa yamemtoka, na mwili wote umelowa jasho katika baridi ile.

Foibe alisikia kelele akatoka mbio. Alimkuta Mlewa amepiga magoti akimwita kwa jina, na Zabroni akipiga simu kuita gari la wagonjwa.

"Ana sukari," Mlewa alisema. "Anajichoma sindano asubuhi. Atakuwa hakula. Siku nyingine kiti kilikuwa kinalia, wanakuja wanamwamsha, anakula ndizi, analala tena. Leo mbona hakikulia?"

Gari likaja, wakamchukua. Foibe alirudi chumbani akiwa hajui anarudi kufanya nini. Kwenye kioo maoni ya onyesho lile yalikuwa yamekwisha kuingia, na kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja alikuwa ameyapitisha yote kwa mkupuo kabla ya kelele kuanza. Akatafuta kiti cha Skolastika. Msikizi alikuwa amepima moyo unaofifia, pumzi inayokatika, ngozi inayopoa, naye alikuwa ameandika:

"Sijawahi kutulia hivi maishani mwangu. Natamani isiishe."

Chini yake, kwa maandishi ya kijani: Kweli. F. Ndahani.

*

Kikao kiliitwa kesho yake. Bwana Luambano alikuwa kijana wa suti nyembamba, mwenye desturi ya kugusa tai kila alipokuwa na hofu, na siku hiyo aliigusa sana.

"Makao makuu wanataka jibu," alisema. "Kengele haikulia. Kengele ni viti, na viti ni fundi."

Zabroni alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Meneja, nilivipima Ijumaa. Nyuzi zote ni nzima. Kiti kilisikia vizuri. Mtambo ndio ulioamua kunyamaza. Sijui kwa nini."

"Hujui. Ndivyo nitakavyoandika? Kwamba fundi hajui?" Luambano akashusha pumzi. "Zabroni, nitaandika hitilafu ya matengenezo. Utasimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea. Samahani. Mama Ndahani, una la kuongeza?"

Foibe alifungua kinywa. Aliwaona wale watu thelathini na wanane na makoti yao. Aliyaona mabati yaking'aa kwa joto. Akajisikia mzito, mzito hasa, kama aliyebeba ndoo mbili kutoka kisima cha mbali na bado hajafika.

"Sina," alisema.

Zabroni alimtazama mara moja. Hakuwa na hasira. Hakuwa na habari ya kumfanya akasirike. Ndicho kilichomwuma Foibe zaidi.

*

Siku ya tatu Skolastika alirudiwa na fahamu. Foibe alimkuta wodini ameegemezwa mito, upande wa kushoto wa mdomo umelegea kidogo, maneno yakimtoka yakiwa yamekatika katika kama mtu anayetafuna kitu cha moto.

"Pole, dada."

"Nimeshapoa. Daktari anasema mkono utarudi. Labda."

Foibe aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amejiandaa kusema kwa maneno mazuri, lakini yaliyotoka yalikuwa makavu. Alimweleza kuhusu barua, kuhusu "Hakujali" na "Ameridhika", na jinsi mtambo ulivyofundishwa kwamba kulala ni furaha hata ukaacha kutofautisha aliyelala na anayekufa. Alimweleza kuhusu Zabroni.

"Mimi ndiye niliyekizima kiti chako. Nakwenda kusema."

Skolastika aliyaelekeza macho darini. Kisha akasema, "Usiseme."

"Dada?"

"Ukisema, wataufunga ukumbi. Watu thelathini na wanane watalala wapi? Mlewa mwaka jana alilala chumbani kwake, akaokotwa anasema na watu wasiokuwepo. Joto lilimpanda kichwani." Alimeza mate kwa shida. "Mimi ndiye niliyeumia. Kama ni kusamehe, nimesamehe. Tutaamshana wenyewe. Wewe nyamaza tu."

"Na fundi?"

"Fundi kijana. Atapata kazi."

"Na kumbi nyingine saba? Jumamosi huingia watu elfu mbili. Wazee, wagonjwa, wajawazito. Wote viti vimenyamaza, na hao hawana wa kuwaamsha."

Skolastika alishika shuka kwa mkono wake ulio mzima, akaikunja. "Ulipokuja siku ile kuniuliza nini maoni yangu," alisema hatimaye, "nilidhani umetuona. Kumbe ulikuja kutuhurumia. Mtu akikuhurumia anakufanyia mambo bila kukuuliza. Sasa ndiyo unaniuliza, na hata hivyo umeshaamua."

"Ndiyo," Foibe alisema. "Nimeshaamua."

"Basi nenda. Usiniage."

*

Alimkuta Luambano anafunga mkoba. Alimwekea mezani karatasi zilizochapwa: kila rekebisho alilofanya na kila Kweli aliyoibonyeza kwa miezi minane, na tarehe zake. Yalijaza kurasa tisini na moja. Meneja alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, kisha akakaa.

"Mama Ndahani, unajua umefanya nini? Hizi ndizo zilizotupa sifa nchi nzima."

"Najua."

"Ningeweza kuzipasua hizi. Mtambo tukausahihisha kimyakimya. Wewe ukabaki, mimi nikabaki."

"Na Zabroni?"

Luambano akagusa tai.

"Zipige muhuri kwamba umezipokea, baba," Foibe alisema. "Nakala nyingine nimeshaituma makao makuu. Nimechoka, sitaki tuzungushane."

Mambo yalikwenda upesi baada ya hapo. Foibe aliandika maelezo yake polisi, akakabidhi kitambulisho, akatoka na mfuko wenye kikombe na ndala. Miezi minane ya mafunzo ilifutwa kwenye kumbukumbu ya Msikizi. Zabroni akarudishwa kazini. Alimpigia Foibe simu, akaanza, "Mama, siku ile kikaoni…" asiweze kuendelea, naye Foibe asiweze kumsaidia. Wakakata. Kwenye kumbi nyingine saba vikaanza tena kusikika vicheko na mayowe, na watu wakaanza tena kulalamikia bisi na ngazi za umeme.

Ukumbi wa saba ukapewa hadi mwisho wa mwezi kabla ya kufungwa. Kampuni ikaogopa kesi nyingine, ikaviondolea viti vyake umeme. Havikusikia tena. Mtu angeweza kucheka humo, au kulia, au kukata roho, na hapana ambaye angepata habari.

*

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, Foibe alikata tiketi ya mchana kama mtu mwingine yeyote. Hakuwa na hakika anafuata nini. Nyumbani alikuwa amekaa wiki mbili akiitazama saa ya ukutani, na kila ilipofika saa tisa mchana moyo wake ulimwenda mbio.

Waosha vioo walimtambua. Minong'ono ikapita mstari hadi mstari. "Ndiye huyu." "Ndiye aliyesema." Mlewa alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba, akageuza uso. Foibe akaketi kiti cha pembeni, karibu na njia.

Taa zilikuwa hazijazimwa Skolastika alipoingia. Alikuwa na fimbo, na mkono wa kushoto umekaa kwenye kitambaa shingoni. Alikuwa bado hajarudi kazini. Alikuja kulala tu, maana chumba chake kilikuwa kilekile.

"Habari za mchana, dada," Foibe alisema.

Skolastika alimpita asiitikie. Akaketi safu mbili mbele, akahangaika na kanga kwa mkono mmoja hadi ikamfunika. Filamu ikaanza. Mmoja mmoja wakaanza kuzama, na Foibe akasikia pumzi zikirefuka gizani, moja huku, moja kule. Hakuna chombo chochote kilichozihesabu.

Ndipo Skolastika akasema, bila kugeuza kichwa, kwa sauti yake mpya ya kutafuna:

"Saa nane na nusu uniamshe. Lazima nile."

"Nitakuamsha."

Kisha kutoka mstari wa nyuma, sauti ya Mlewa, nzito kwa usingizi: "Mimi saa nane. Nina dawa ya presha."

"Mimi saa tisa kasorobo," akasema mwingine.

"Mimi usiniamshe kabisa," akasema wa nne, "ila pita tu uone kama napumua."

Foibe akatafuta kalamu mkobani. Akaandika nyuma ya tiketi, kwa mwanga wa skrini, majina na saa, akiuliza tena pale asiposikia vizuri. Walipokwisha kulala wote akavua viatu, akainuka, akaanza kupita mstari kwa mstari. Kwa kila mmoja aliinama, akaweka sikio karibu, akasubiri hadi asikie hewa ikiingia na kutoka, ndipo akasogea kwa mwingine. Miguu ilimuuma. Kiuno kililia. Akifika mwisho alianza upya.

Saa nane na nusu kamili aliweka mkono begani kwa Skolastika. Bega halikutikisika. Foibe akamgusa tena, kwa nguvu zaidi.

"Nimesikia," Skolastika alisema. Akaketi, akatoa ndizi chini ya kanga, akaimenya kwa meno na mkono mmoja, akala polepole akimwangalia mwanamke huyu mtu mzima aliyesimama pekupeku mbele yake.

"Umesimama muda wote?"

"Muda wote."

Skolastika akatafuna, akameza. Akaondoa fimbo yake iliyokuwa juu ya kiti cha pembeni.

"Kaa basi dakika tano," alisema. "Wapo wengi, na bado ni mchana."